Ukurasa Ambao Sikutaka Kuutengeneza

Dada yangu alinipigia simu kutoka Houston akasema maneno mawili tu kabla ya kuanza kulia: "Hali kabisa." Nilikuwa nyumbani Arlington mbele ya kompyuta, nakata na kuunganisha video ya harusi ya watu wa Mansfield, mji wa jirani, na bwana harusi alikuwa ameganda kwenye skrini mdomo wazi. Nilimwacha hapo hapo nikamsikiliza dada.

Asiyekula alikuwa Mama. Si kwamba alikosa hamu ya chakula. Alikuwa anamngoja Baba. Tangu waoane kule Voi, Mama hakuwahi kula chakula cha jioni kabla Baba hajarudi kutoka karakana ya reli. Hata akichelewa vipi, sahani ya Baba ilifunikwa mezani na ya Mama haikupakuliwa. Sisi watoto tulikula, tukalala, na yeye akabaki amekaa. Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita, na Mama alimuuguza mwenyewe na kumzika kabla dada hajamleta Marekani kuishi naye. Lakini ugonjwa wa kusahau ulipomshika sawasawa, ulifuta msiba wote ukaiacha ile tabia ya kungoja. Jua likianza kushuka, Mama anahamia kwenye kiti cha dirishani, anatazama magari yakiingia mtaani, na anauliza, "Baba yenu amefika?"

Dada ni nesi, na mambo haya ameyasomea. Amefundishwa kwamba mgonjwa wa aina hii habishiwi. Basi alimjibu, "Yuko njiani, Mama." Na mke ambaye mume wake yuko njiani hali chakula.

"Amepungua mpaka pete inamtoka kidoleni," dada aliniambia. "Wewe si ndio mtu wa film? Mtengenezee kitu cha kuangalia hiyo evening. Something ya kumtuliza tu, akubali kukaa mezani."

Kazi yangu ya kunilisha iko kwenye ghala moja la mizigo huko Fort Worth. Filamu nilizisomea chuoni Nairobi, na hapa nimezipata kwa mlango wa harusi na misiba ya watu wetu, kila wikendi. Mimi kwa asili ni mtu wa kukata. Mtu akisimama kanisani kutoa ushuhuda mrefu, mkono wangu wenyewe unatafuta mahali pa kupitisha mkasi. Mke wangu anasema hata nikisimuliwa ndoto ninauliza sehemu muhimu ni ipi. Kwa hiyo nilifanya nilichokijua. Nilikusanya picha za zamani, nikamtengenezea Mama video nzuri, yenye mwanzo, katikati na mwisho, na nyimbo za kwaya chini yake.

Ilishindikana vibaya. Dada alinionyesha kwa simu. Mama anaiambia televisheni, "Ngoja, ngoja, huyo ni nani?" Televisheni haingoji. Akimtambua mtu mmoja, wengine wanne wameshapita. Alipofika mwisho hakujua kwamba kulikuwa na mwanzo. Aliisukuma rimoti kando na kurudi dirishani.

Hapo ndipo nilipofikiria kurasa. Nilijua kwenye intaneti mtu anasoma ukurasa mmoja, anagusa neno, anaruka hadi mwingine, anarudi anapotaka, na hakuna anayemharakisha. Nikajifunza kuzitengeneza kwa masomo ya bure, jioni nikitoka ghalani. Kila ukurasa picha moja kubwa na sentensi chache zenye herufi nene, kwa sababu Mama bado anasoma. Biblia yake anaisoma kila asubuhi. Maneno fulani nikayapaka bluu, ukiyagusa yanakupeleka kwingine. Kitu kizima nikakiweka kwenye tableti.

Niseme ukweli, kazi ile iliniudhi. Kwenye filamu mimi ndiye ninayeshika mpangilio. Nikitaka ucheke kabla ya kulia, utacheka kabla ya kulia. Hapa kila kurasa mbili nilizoziunganisha kwa akili zangu zote, msomaji angeweza kuzipita na kuingia wa tatu. Nilijihisi nimenyang'anywa mkasi akapewa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni mama yangu ambaye hakumbuki amekunywa chai au la.

Wa kwanza kuzijaribu alikuwa mwenzangu wa ghalani, Mkongo kutoka Bukavu. Nilimpa tableti wakati wa mapumziko bila kumweleza kitu. Akagusa hapa, akagusa pale, akafika kwenye ukurasa ulioanza: *Baada ya hapo tukahamia nyumba ya pili.*

"Frère, ndugu yangu," akasema, "baada ya wapi? Umeniingiza kwa mulango ya nyuma."

Nikaanza kumweleza kwamba amerukia mbele, angepaswa kuanza na ule ukurasa wa... nikanyamaza. Ninachokifanya kwenye kila harusi ni kuonyesha kanisa kwa nje kabla ya kuingia ndani. Mtazamaji lazima ajue yuko wapi kabla ya kujua kinachotokea. Kwenye filamu unaonyesha mara moja, kisha unategemea kwamba anakumbuka. Mama hakumbuki. Kwake kila ukurasa ni mlango wa nyuma, hata ule wa kwanza. Nikarudi nyumbani nikafuta kila "baada ya hapo", kila "kisha", kila "siku iliyofuata". Kurasa zote zikaanza upya kwa kuonyesha mahali: *Hapa ni Voi, nyumbani kwako. Huyu ni mume wako. Huyu mtoto anayelia ni mimi.* Zilisomeka kwa uzito, na mwalimu wangu wa filamu chuoni angezichana. Lakini mtu akiingia popote, anajikuta yupo.

Dada naye akaja na lake. Alitaka jamaa wote wawemo. "Usimwache mtu," akaniambia. "Utatuletea maneno."

Na alikuwa anajua anachosema. Kwa watu wetu video ya harusi si hadithi ya bwana na bibi tu. Ni ushahidi kwamba ulikuja. Kila aliyepanda gari na kuvaa vizuri anategemea kujiona, hata akiwa anatafuna. Niliwahi kukata densi ya shangazi mmoja kwenye harusi ya hapa Arlington kwa sababu ilikuwa ndefu na kamera ilitikisika. Wiki iliyofuata alibisha mlangoni kwangu amevaa gauni lile lile, kilemba kile kile, ili nikione nilichokikata. Nilimrudisha kwenye video, densi nzima.

Basi kwa kumwogopa dada na jamaa zetu, ukurasa wa kwanza wa Mama niliujaza nyuso, kuanzia binamu wa Mombasa mpaka mashemeji wa Wundanyi. Mama aliuangalia kidogo, akaigeuza tableti kifudifudi mapajani, akaifunika na leso. Sikuhitaji mwalimu wa kunieleza. Ukitaka mtu aone kitu kimoja unasogeza kamera karibu na kile kitu. Humwonyeshi soko zima ukamwambia achague. Nikawaondoa. Kila ukurasa ukabaki na picha moja na njia mbili za kutokea. Dada alininunia kwa siku kadhaa kwa niaba ya ukoo.

Halafu nikashuka Houston mwenyewe, Ijumaa, kwa ile barabara ninayoijua mpaka vituo vya mafuta vyenye choo safi. Jumamosi asubuhi nikakaa na Mama kwenye kochi, nikampa tableti nione.

Hakugusa neno hata moja la bluu. Kwenye picha ya Baba alinyoosha kidole akaigusa kofia, akangoja. Tableti ikakaa kimya. Akaigusa tena, akanitazama kama mtu aliyebisha hodi na hakufunguliwa.

Nilicheka, halafu nikaona aibu kidogo. Hili ndilo somo la kwanza kabisa la kukata picha. Mtu kwenye filamu akigeuza macho pembeni, mtazamaji tayari anataka kuona anachokiona, na wewe unakata na kumwonyesha pale pale. Jicho linauliza, picha inayofuata inajibu. Kidole cha Mama kilikuwa kinauliza juu ya kofia, na mimi nimemwekea jibu chini kwenye maneno, kwa rangi ambayo yeye hana habari nayo. Mchana ule nikakaa mezani kwa dada nikaifanya kofia iwe mlango. Ukiigusa, unafika karakana ya reli, Baba amesimama na wenzake. Ukigusa kikombe mkononi mwake, unaingia jikoni kwa Mama. Ukimgusa mtoto anayelia, unanikuta nimekua, nimevaa sare ya shule na soksi zimeteremka.

Mama akaanza kutembea humo. Sijui niseme vipi furaha niliyoiona. "Hiyo kofia si yake," akasema ghafla. "Aliazima kwa stesheni masta, apigwe picha." Maisha yangu yote nimeiheshimu ile kofia. Akacheka mpaka akafuta macho, akagusa kofia tena. Dada alikuja kutoka chumbani kusikia ni nani anayecheka.

Jioni ikaja, na mambo yakaharibika kuliko mwanzo.

Nilikuwa nimemjaza Baba kwenye kila ukurasa, mzima, ana kikombe, ana kofia ya kuazima. Kwa hiyo Mama hakungoja tena kwa wasiwasi. Alingoja kwa uhakika. Hakukaa dirishani. Alivaa viatu akasimama mlangoni na mkoba. Dada akasema yuko njiani. Giza lilipoingia na Baba hajaonekana, Mama aligeuka akanitazama mimi, si dada.

"Wewe ni mwanaume," akasema. "Niambie ukweli. Baba yako ameoa mwanamke mwingine?"

"Hapana, Mama."

"Basi kwa nini haji?"

Aliingia kulala bila kula, na mimi nikaifunika sahani yangu bila kuigusa.

Tulipobaki jikoni nikamwambia dada kwamba labda lazima kuwe na ukurasa wa msiba. Alikataa kabla sijamaliza. "Hapana. Akisikia leo, kesho amesahau, unamwambia tena. Kila time ni fresh. Unataka kumuulia mume wake kila siku?"

Nilikubali haraka, na haraka yangu haikuwa kwa ajili ya Mama. Baba alipofariki karatasi zangu za kuishi hapa hazikuwa zimekamilika. Ningetoka nisingeweza kurudi kwa mke na watoto. Sikwenda. Mpiga picha wa Voi alinitumia video zote, na mimi nikakaa Arlington nikazikata, ili jamaa waliotawanyika duniani waone. Wakenya wa hapa walikuja kwetu, wakaomba, wakaleta vyakula, na mimi nilikuwa chumbani na kompyuta kwa sababu kila mtu alitaka kuona mazishi upesi. Nilimzika baba yangu nikiwa nimeshika kipanya cha kompyuta. Nilipomaliza sikulifungua faili lile tena. Na kwa mtu wa filamu kulikuwa na sababu nyingine: kwenye filamu kifo unakiweka mahali pamoja, kinauma pale, mtazamaji anainuka anakwenda zake. Kwenye kurasa hakuna mahali pamoja. Mama angekutana nacho kila anapopita.

Asubuhi ya Jumapili Mama aliamka na akili yake karibu yote. Huwa inatokea, inakaa muda kidogo, kisha inaondoka. Alichukua tableti mwenyewe akazunguka kila mahali: kofia, karakana, jikoni, harusi yao, kofia tena. Dada alikuwa amesimama mlangoni na nguo zake za hospitali, anajiandaa kwenda zamu. Mama akaiweka tableti mezani.

"Hadithi yenu inazunguka tu," akasema. "Baba yenu yuko wapi?"

Alimtazama dada, akanitazama mimi.

"Kama amekufa semeni amekufa. Mimi nimekaa na yule mtu vizuri. Afadhali nifiwe kuliko niachwe."

Dada alikaa chini pale pale mlangoni, kwenye zulia, na begi lake begani. Alilia kwa sauti, dada yangu ambaye kazini anawafunika watu waliokufa na kuendelea na zamu. Mama alikwenda kumshika kichwa akimuuliza nani amemkosea. Nilipokuwa naondoka, dada aliniambia, "Tengeneza."

Nilipofika Arlington, nikalifungua lile faili la mazishi. Sikutaka jeneza wala kaburi. Nilimtafuta Mama. Nilimwona sebuleni Voi, amekaa kwenye godoro chini katikati ya wanawake, leso kichwani. Nje masufuria makubwa yako kwenye moto na wanawake wanakoroga kwa zamu. Halafu nikafika kwenye kipande nilichokikata wakati ule kwa kuwa ni kirefu na hakuna kinachotokea: jirani yetu mmoja amepiga magoti mbele ya Mama na sahani, anambembeleza. Mama anatikisa kichwa. Jirani haondoki. Mama anatikisa kichwa tena. Mwishowe anafungua mdomo, na jirani anamlisha tonge kwa mkono wake.

Nililia mbele ya kompyuta kama mtoto. Nililia kwa ajili ya Baba, ambaye sikuwa nimemlilia hivyo. Na nikiwa bado nafuta kamasi, nikaelewa kilichokuwa kwenye ile picha. Mke anayengoja hali chakula. Lakini mfiwa hapiki, hapakui, hangoji mtu. Anakaa, na watu wanamletea, na hawaondoki mpaka ale.

Ukurasa nilioutengeneza una picha ile ya magoti na sahani. Juu yake nimeandika: *Hapa ni Voi, nyumbani kwako. Mume wako aliugua, na wewe ulimuuguza. Amefariki. Tumemzika vizuri. Hakukuacha.* Kofia ya stesheni masta nimeiweka pembeni, akitaka kurudi. Nyuma ya sahani sikuweka ukurasa wowote. Nilijua ndipo kidole chake kitakapokwenda, nikampigia dada.

"Akigusa sahani," nikamwambia, "wewe lete sahani."

"Unamaanisha real food?"

"Chakula chenyewe. Cha moto."

Ijumaa nikashuka tena Houston. Jua lilikuwa linashuka na Mama yuko dirishani. "Baba yenu amefika?" Dada hakusema yuko njiani. Alimwekea tableti mapajani, akaenda jikoni. Nilikaa kando ya Mama nikiwa na hofu kubwa, mikono nimeibana katikati ya magoti.

Mama alisoma kwa midomo, neno kwa neno. Akarudia. Kisha akaivuta leso kutoka mabegani akaiweka kichwani, machozi yakamtoka kimya kimya, bila kelele yoyote. Nilitaka kumnyang'anya ile tableti. Nilitaka kukata. Aliiangalia picha kwa muda mrefu, muda ambao kwenye video yoyote ya watu nisingeuacha, halafu kidole chake kikaenda kwenye sahani.

Dada akatoka jikoni na ugali na sukuma wiki, bado amevaa nguo za hospitali, akapiga magoti mbele ya kiti. "Kula kidogo, Mama. Upate nguvu."

Mama akatikisa kichwa. Dada hakuondoka. Mama akatikisa kichwa tena. Dada akamega tonge, akalishika pale karibu na mdomo wa Mama. Mama akafungua mdomo akala. Akala la pili. Mimi sikuthubutu kusogea.

Kesho yake aliuliza tena kama Baba amefika, na tukarudia yote, sahani na magoti, na ndivyo dada anavyofanya mpaka leo. Mama anafiwa kila jioni, na kila jioni anakula. Pete imeacha kumtoka.

Lakini jioni ile ya kwanza, Mama alipokula nusu ya sahani, aliusimamisha mkono wa dada. Alinitazama, kisha akaiangalia ile picha, akaanza kutafuta kwenye nyuso zote zilizokaa sebuleni kule Voi.

"Wewe hukuwepo," akasema.

"Sikuwepo, Mama."

"Nani alikulisha?"

Nilianza kumwambia kwamba watu walikuja na walileta vyakula, ila mimi nilikuwa chumbani na kompyuta. Mama akaichukua sahani akaiweka mapajani mwake, akamega ugali, akaukanda vidoleni kama alivyotufanyia tulipokuwa wadogo, akauchovya kwenye mboga.

"Sogea hapa," akaniambia. "Nawe umefiwa."

Nikasogea, nikafungua mdomo.